Sindano, kupandikiza au goti la bandia? Ulinganisho wa tiba za goti na mfupa kwa mgonjwa wa Mtwara na Lindi

Goti likianza kulia wakati wa kuinuka, utaambiwa ute umeisha. Neno hilo limezaa biashara nzima, maana kilichoisha huongezwa. Ndiyo maana sindano ya jeli, sindano ya damu yako mwenyewe na hii ya sasa ya seli shina huuzwa kwa maelezo ya nusu dakika.

Goti zima huwa na ute usiozidi mililita 4 hivi, na goti lililosagika mara nyingi lina ute kupita kiasi. Ule uvimbe laini juu ya pia ya goti ndio huo. Kilichoisha ni gegedu, tabaka jeupe linaloteleza ambalo hufunika ncha za mifupa. Ukitaka kuliona, tazama ncha ya mfupa wa paja la kuku kabla hujaitafuna. Kwa binadamu unene wake gotini ni milimita 2 hadi 4 sehemu nyingi. Zaidi ya theluthi mbili yake ni maji, seli zake ni chache mno, na halina mshipa wa damu wala wa fahamu. Kidonda cha ngozi hufunga kwa sababu damu huleta vifaa vya kujengea; gegedu halina wa kuliletea. Daktari William Hunter aliliandika jambo hilo London mwaka 1743, na hakuna sindano iliyothibitika kumkanusha.

Mfupa ni habari nyingine kabisa. Una damu tele na hujijenga upya. Kwa hiyo mtu akikwambia ana tiba ya kuotesha tishu, muulize anaotesha nini. Tuanze na goti, maana ndiko fedha za watu zinakopotelea.

Tundu au uchakavu

Kijana wa miaka 24 akijipinda goti pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, anaweza kung'oa kipande cha gegedu ukubwa wa kifungo cha shati huku lililobaki likiwa zima. Mama wa miaka 58 aliyepalilia na kuokota korosho tangu usichana hana tundu. Gegedu la upande wa ndani limelika lote, na miguu imeanza kufanya matege. Wa kwanza ni kama barabara nzuri yenye shimo moja, wa pili ni barabara iliyokwisha lami. Tiba zote za kupandikiza gegedu zilibuniwa kwa ajili ya yule wa kwanza. Tangazo la sindano humlenga huyu wa pili, lakini picha zinazooneshwa ni za kijana.

Utawatofautisha kwa eksrei ya magoti yote mawili, mgonjwa akiwa amesimama. Hapa ndipo makosa mengi huanzia. Ukipigwa picha umelala, mifupa haibebi uzito, huachana kidogo, na nafasi kati yake huonekana ipo ilhali ukisimama haipo. Namna bora ni kusimama na kukunja magoti kidogo, nyuzi 20 hadi 30, kwa kuwa gegedu hulika zaidi sehemu inayobeba mtu akiwa amekunja. Mwambie mpiga picha mapema. Kama karatasi ya daktari imeandikwa "goti" tu, utalazwa mezani. Eksrei haihitaji safari ya Dar es Salaam: Ligula, Sokoine pale Lindi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo, na hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao, kote huko utapigwa.

Majibu husomwa kwa daraja 0 hadi 4, kipimo cha Kellgren na Lawrence cha mwaka 1957. Daraja la 2 ni vijinundu vya mfupa pembeni, la 3 nafasi imepungua waziwazi, la 4 mfupa juu ya mfupa. Liandike daraja lako. Karibu kila uamuzi hapa chini unalitegemea. MRI, picha ya sumaku inayoonesha gegedu lenyewe, ina maana kwa kijana ambaye eksrei yake ni safi na goti bado linakwama au kuvimba. Kwa mama wa daraja la 4 ni gharama isiyobadilisha chochote.

Goti la moto, lililovimba ghafla, lenye homa, lipelekwe hospitali siku hiyohiyo. Halichomwi sindano yoyote kati ya hizi, kwa sababu usaha unaweza kulila gegedu ndani ya siku chache.

Sindano nne na jambo moja lisilo na muuzaji

| Njia | Kinachotumika | Nafuu huanza | Hudumu | Gegedu huota? |
|---|---|---|---|---|
| Steroidi (dawa ya kuzima uvimbe) | Triamsinoloni miligramu 40 na ganzi | Siku 1 hadi 7 | Wiki 4 hadi 8, kwa wengine miezi 3 | Hapana. Ikirudiwarudiwa hulipunguza |
| Jeli ya hayaluroniki | Mililita 2 kila wiki mara 3 hadi 5, au mililita 6 mara moja | Wiki 4 hivi | Hadi miezi 6 kwa wanaofaidika | Hapana |
| PRP (damu yako iliyochujwa) | Mililita 4 hadi 8, mara 1 hadi 3 | Wiki 4 hadi 6 | Miezi 6 hadi 12 kwa wanaofaidika | Haijaonekana |
| Seli shina | Uboho wa nyonga, mafuta ya tumbo au kitovu cha mtoto mchanga | Wiki kadhaa | Mwaka mmoja baadaye haikuishinda steroidi | Haijaonekana |
| Mazoezi tiba | Mara 3 kwa wiki, wiki 8 hadi 12 | Wiki 6 hadi 8 | Maadamu unaendelea | Hapana. Hulipunguzia goti mzigo |

Steroidi ndiyo rahisi na ndiyo ya haraka, na ina mahali pake. Mtu ambaye goti limemwangusha mwezi wa kuokota korosho, akapata sindano moja akamaliza msimu, hajakosea. Kosa ni kuifanya ya kila msimu, halafu ya kila miezi mitatu. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2017 lilichoma wagonjwa 140 kila wiki 12 kwa miaka miwili, nusu yao steroidi na nusu maji ya chumvi. Maumivu hayakutofautiana, lakini waliochomwa steroidi walipoteza milimita 0.21 ya unene wa gegedu, wenzao 0.10. Mwenye kisukari ajue sukari itapanda kwa siku kadhaa, apime asubuhi na jioni wiki ile. Na anayetarajia goti la bandia asichomwe ndani ya miezi 3 kabla ya upasuaji, maana hatari ya maambukizi huongezeka.

Jeli hatutaipotezea muda. Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba iliandika mwaka 2022 kwamba isitolewe kwa usagikaji wa viungo, kwa kuwa faida yake ni ndogo mno. Jihadhari pia na jina: duka la dawa likikuuzia "jeli ya goti", hiyo ni diklofenaki ya kupaka, dawa tofauti kabisa, na ni nzuri. Ya kupaka ni salama kwa tumbo na figo kuliko vidonge vilevile vya diklofenaki ambavyo watu hununua kama peremende, tena wakavimeza juu ya uraka.

Mazoezi yana sifa mbaya kwa sababu hayana bei. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 156 wa hospitali za jeshi la Marekani waligawanywa: nusu steroidi, nusu mazoezi tiba. Baada ya mwaka, kwenye kipimo cha maumivu na ugumu wa goti ambacho alama nyingi ni mbaya, wa steroidi walikuwa na 55.8, wa mazoezi 37.0. Zoezi la kwanza ni kuinuka kitini: kiti cha kawaida, mikono kifuani, inuka kwa hesabu ya tatu, keti kwa hesabu ya tatu, mara 10, pumzika, rudia mizunguko 3. La pili ni kulala chali na kuinua mguu ulionyooka sentimita 30, kuushikilia sekunde 5, mara 10. Baada ya wiki 2 funga kwenye kifundo mfuko wa mchanga wa kilo 1 kwa kipande cha kanga, ongeza nusu kilo kila wiki 2. Maumivu yakipanda wakati wa zoezi na kushuka ndani ya saa 24, endelea. Yakidumu hadi kesho kutwa, punguza uzito wa mfuko, usiache zoezi. Wengi huacha wiki ya 3, kabla msuli wa paja haujanenepa. Kuhusu mwili: kila kilo unayopunguza hulitua goti kilo 4 kwa kila hatua. Kilo 5 ni kilo 20, na kutoka nyumbani hadi shamba hatua ni nyingi.

PRP kwa karibu

Hii inastahili maelezo marefu, kwa kuwa ndiyo inayozidi kutangazwa na ndiyo inayoweza kutengenezwa vibaya bila mgonjwa kujua. Damu huvutwa mkononi, huchanganywa na dawa ya kuzuia kuganda, huzungushwa kwenye sentrifuji. Chembe nyekundu, zilizo nzito, hushuka chini. Katikati hubaki utando mwembamba mweupe. Juu hubaki utegili, yale maji ya damu ya njano, wenye chembe sahani, zile zinazogandisha damu na kubeba protini za kuamsha uponaji. Mtaalamu huvuta ule wa njano uliokaribia utando, akauchoma gotini.

Sasa hesabu. Mtu wa kawaida ana chembe sahani kama 250,000 kwa kila mikrolita. Mililita 10 za damu, hata zikikusanywa zote bila kupotea moja, ni bilioni 2.5. Jaribio la India la mwaka 2021 lililoripoti nafuu iliyodumu mwaka mzima lilitumia bilioni 10 katika mililita 8. Huwezi kupata bilioni 10 kwenye bomba moja dogo. Unahitaji damu mililita 50 hadi 60. Ukiona umevutwa mililita 10 na kulipishwa bei ya PRP kamili, umepewa utegili wa kawaida.

Halafu kuna mizunguko. Mtoa huduma akisema mashine inazunguka mara 3,000 kwa dakika, hajakwambia kitu. Nguvu ya kutenganisha inategemea pia urefu wa mkono wa mashine: kwa mkono wa sentimita 10, mizunguko 3,000 hutoa nguvu mara 1,000 ya uzito wa kawaida, kwa mkono wa sentimita 15, mizunguko ileile hutoa mara 1,500. Maelekezo ya aina moja ya mashine yakipelekwa kwenye nyingine, chembe sahani ama hubaki juu zimetawanyika, ama hugandamizwa chini pamoja na nyekundu. Umeme ukikatika katikati, mashine ikasimama ghafla, tabaka huchanganyika na kazi huanza upya kwa damu nyingine. Bomba lenye kofia ya zambarau ni la maabara, la kupimia wingi wa damu, na dawa yake huziharibu chembe sahani. PRP huvutiwa kwenye bomba lenye sitrati, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Chumba kiwe na ubaridi wa nyuzi 20 hadi 24, na sindano ichomwe ndani ya saa chache. Machi ya Lindi bila kiyoyozi haikidhi.

Rangi nayo inasema. Utegili wa njano ya samli ndio unaofaa gotini. Wenye wekundu una chembe nyeupe na nyekundu nyingi, na hufanya goti livimbe siku 2 au 3. Wiki moja kabla na wiki mbili baada ya sindano usimeze diklofenaki, aibuprofeni wala aspirini ya maumivu, maana hizo huzima kazi ya chembe sahani unazozilipia, parasetamoli inatosha. Anayetumia aspirini kwa ajili ya moyo asiiache bila kauli ya daktari wake.

Na je, inasaidia? Jaribio kubwa la Australia la mwaka 2021, watu 288 wa daraja la 2 na la 3, lilichoma PRP mara 3 na kulinganisha na maji ya chumvi. Baada ya miezi 12 maumivu yalishuka alama 2.1 kwa PRP na 1.8 kwa maji ya chumvi, tofauti isiyo na uzito, na kiasi cha gegedu kilipungua sawasawa pande zote. Watetezi wa PRP wanalalamikia dozi ndogo ya jaribio lile, na hoja yao si ya kupuuza. Msimamo wetu: kwa daraja la 2, mtu aliyekwisha fanya wiki 12 za mazoezi kikweli, ana fedha isiyo ya ada wala ya mbegu, na amemkuta mtoa huduma anayehesabu chembe sahani kabla na baada, ajaribu mara moja. Kwa daraja la 4, asijaribu.

Seli shina

Seli shina ni seli inayoaminiwa kuweza kugeuka tishu nyingine. Aliyezibandika seli hizi za uboho jina hilo mwaka 1991 ni mwanasayansi wa Marekani, Arnold Caplan. Mwaka 2017 yeye mwenyewe aliandika akitaka jina libadilishwe, kwa kuwa zikichomwa mwilini hazigeuki kuwa tishu mpya. Zinachofanya ni kutoa kemikali zinazowatuliza majirani. Nani anakumbuka hilo anaposoma tangazo?

Uboho unaovutwa kwenye nyonga una seli hizo chache mno, kati ya 1 kwa 10,000 na 1 kwa 100,000 ya seli zake. Mwaka 2023 jaribio la Marekani la wagonjwa 475 lililinganisha aina tatu, za uboho, za mafuta na za kitovu, na sindano moja ya steroidi. Baada ya mwaka hakuna iliyoishinda steroidi, si kwa maumivu wala kwa picha ya MRI. Bei zake hazilingani hata kidogo. Bidhaa za kitovu zina hatari ya ziada: mwaka 2018 mamlaka ya afya ya Marekani iliripoti watu 12 waliolazwa kwa maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa ya damu ya kitovu.

Ukifuatwa na mtu mwenye kichupa, uliza mambo matatu: namba ya usajili wa bidhaa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), namba ya usajili wake Baraza la Madaktari Tanganyika, na karatasi ya ridhaa inayotaja madhara. Kichupa kilichosafiri kwenye begi kutoka Dar es Salaam kikidaiwa kuwa na seli hai ni cha kucheka. Seli hai husafirishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, chini ya nyuzi 150 hasi, na zikiyeyushwa zina saa chache.

Kwa mwenye tundu: kutoboa, kuhamisha, kupandikiza

Kijana wetu wa uwanjani ana njia tatu. Kutoboa mfupa hufanywa kwa kamera: kingo za tundu husafishwa ziwe wima, kisha mfupa hutobolewa vishimo vya kina cha milimita 3 hadi 4, vikiachana milimita 3 hadi 4. Damu ya uboho hutoka, huganda, hugeuka kovu. Ni kovu kweli, gegedu la nyuzinyuzi kama la diski za uti wa mgongo, si lile laini linaloteleza la goti, na miaka 2 hadi 5 baadaye wengi huanza kulalamika tena. Linafaa tundu chini ya sentimita 2 za mraba, mtu chini ya miaka 40. Linaloharibu kazi hii kuliko yote ni haraka: wiki 6 hadi 8 mguu hautakiwi kubeba uzito, na bonge lile la damu lililoshika vishimo ni laini kama uji ulioganda. Anayekanyaga wiki ya 2 amelifagia.

Kuhamisha ni kuchukua vijiti vya mfupa na gegedu, upana wa milimita 4.5 hadi 10, kutoka pembe ya goti isiyobeba uzito na kuvipandikiza kwenye tundu. Gegedu ni lako na halisi, maabara haihitajiki. Kikomo ni ghala: tundu likizidi sentimita 4 za mraba hakuna pa kuchukua. Kijiti kikiachwa kimejitokeza hata milimita 1 juu ya wenzake, kinasagwa.

Kupandikiza seli za gegedu ndiko uhandisi wa tishu wenyewe. Waswidi wa Gothenburg walitangaza wagonjwa 23 wa kwanza mwaka 1994. Upasuaji wa kwanza huchukua kipande cha gegedu miligramu 200 hadi 300. Seli hukuzwa maabara wiki 3 hadi 6. Upasuaji wa pili hubandika utando wa kolajeni ya nguruwe uliojaa seli. Utando huo Marekani iliuidhinisha Desemba 2016. Nguruwe ametajwa makusudi: wengi wa wasomaji wetu wa pwani ni Waislamu, na swali hilo liulizwe kwa daktari na kwa shehe kabla ya kusaini, si baada. Hufaa tundu la zaidi ya sentimita 2 za mraba. Mtwara na Lindi huduma hii haipo, na kwa anayefikiria kuifuata nje ahesabu upasuaji mara mbili, miezi 12 bila kazi nzito, na safari za kurudi kukaguliwa.

Kwa mwenye uchakavu: kukata mfupa au goti la bandia

Kukata mfupa kumesahaulika bila haki. Mtu chini ya miaka 60 hivi, upande wa ndani umelika, wa nje mzima, miguu matege: mfupa wa muundi hukatwa chini ya goti, ufa ukapanuliwa milimita kadhaa, karibu milimita 1 kwa kila nyuzi moja ya kunyoosha, ukafungwa bamba na skrubu. Uzito huhamia upande mzima. Magongo wiki 6 au zaidi, mfupa hujaza ufa wenyewe. Goti linabaki lako: unachuchumaa, unapiga magoti, unarudi shamba. Wengi hupata miaka 10 au zaidi. Mvuta sigara aache kwanza, la sivyo ufa haujazi.

Goti la bandia ni la daraja la 4, mtu wa miaka 60 na kuendelea, ambaye usiku halali. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha magoti 82 kati ya 100 yanadumu miaka 25. Maambukizi hupata mgonjwa 1 au 2 kati ya 100. Kinachokosekana kwenye maelezo mengi ni kukunja: goti hili hukunja nyuzi 110 hadi 120, na kuchuchumaa kunataka zaidi ya 130. Choo cha shimo kiwekewe kiti kabla mgonjwa hajatoka nyumbani kwenda upasuaji. Sujudu itageuka kuwa ya kitini kwa wengi, na mzee aambiwe hilo mapema. Wapo waliojutia goti zuri kwa sababu hawakuambiwa.

Ulizia kwanza Mitengo kama bingwa wa mifupa anafanya upasuaji unaouhitaji. Ukipewa rufaa ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 560. Usipande basi ndani ya wiki 2 za kwanza. Nyuzi za mshono hutolewa siku ya 12 hadi 14, na kukaa basini saa nyingi kunaweza kugandisha damu kwenye shavu la mguu. Tafuta ndugu wa kukuhifadhi, lakini si wa ghorofani. Epuka masika: Mei 2024 barabara ilikatika Somanga, na watu walikwama pande zote mbili.

Mfupa: huku tishu huota kweli

Aliyeanguka mnazi au bodaboda, muundi ukavunjika, miezi 9 imepita na mfupa haujaunga wala haujaonesha maendeleo kwa miezi 3 ya mwisho, huyo ndiye mgonjwa ambaye tiba ya kuotesha tishu ina jibu lake. Uchaguzi unategemea mambo mawili: urefu wa pengo na kama kuna usaha. Usaha hukaushwa kwanza, kwa njia yoyote ile.

Pengo dogo bila usaha: mfupa wa nyonga. Vipande vya mililita 20 hadi 30 huchongwa nyongani vikapakiwa pengoni, na muundi ukashikwa kwa bamba au chuma cha ndani. Hivyo vina seli hai, protini na kiunzi kwa pamoja. Hakuna kiwanda kilichofanikiwa kuvishinda. Bei yake ni maumivu ya nyonga, mara nyingi kuliko ya mguu wenyewe. Protini ya kuamsha mfupa iliyogunduliwa na Marshall Urist mwaka 1965 ipo, ni ghali, na haitiwi penye usaha wala saratani.

Pengo linalozidi sentimita 5 au 6 lina njia mbili. Ya Masquelet, Mfaransa, hutia saruji ya mifupa pengoni wiki 6 hadi 8. Mwili huizungushia utando wenye damu, saruji ikatolewa, mfupa wa nyonga ukajazwa ndani ya utando. Ya Ilizarov, daktari wa Kurgan, Siberia, hutumia pete za chuma nje ya mguu. Mfupa huohuo hukatwa sehemu yake nyingine iliyo nzima, ukaachwa siku 5 hadi 7, kisha kipande kikavutwa kuelekea pengo milimita 1 kwa siku. Nyuma yake mfupa mpya huota.

Hiyo milimita 1 huigawa mgonjwa mwenyewe nyumbani. Nati ya fito huzungushwa robo mara 4 kwa siku, na kila robo ni milimita 0.25: alfajiri, adhuhuri, magharibi, kabla ya kulala. Paka rangi ya kucha ubavu mmoja wa nati ili ujue robo imefika wapi, na chora mshale wa uelekeo kwa kalamu isiyofutika. Makosa ya kila siku ni mawili: kuzungusha kinyume, na kufidia siku zilizorukwa kwa kuzungusha mara 8. Ukiruka siku nyingi mfupa hukaza kabla ya wakati na lazima ukatwe tena. Ukikimbiza, mfupa mpya hauoti, na mishipa ya fahamu huvutika hadi vidole vikafa ganzi. Pini zisafishwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa yenye chumvi, kitambaa kipya kwa kila pini, kwa sababu kitambaa kimoja hubeba usaha wa pini moja kwenda kwa zote.

Pengo la sentimita 6 ni siku 60 za kuvuta, lakini pete hukaa miezi 6 hadi 9 ili mfupa mpya ukomae. Mgonjwa anayeishi Liwale ndani, asiyeweza kufika kliniki kila wiki 2 wakati wa kuvuta, na asiye na mtu wa kumshikia ratiba ya nati, achague utando wa Masquelet hata kama pete zingemfaa zaidi.